Mtalii Aliyebusu Mkate

"Mgeni, hapa Kituo. Uko wapi?"

"Gatini. Napiga picha."

"Piga nyingi. Mtalii asiyepiga picha ni askari."

Wasila Dridi akainua Nikon yake na kuipiga bandari ya zamani ya Bizerte, kaskazini mwa Tunisia, picha ya arobaini. Sauti ya mkuu wake, Lasad, ilimjia kupitia kidude kilichojificha ndani ya sikio, chini ya nywele zilizotiwa rangi ya shaba. Kofia pana ya ukindu. Miwani mikubwa. Ramani ya watalii iliyokunjwa vibaya makusudi. Pasipoti mkobani ilisema yeye ni Carmen Zammit, mwalimu wa piano kutoka Malta.

Chini ya pasipoti ilikaa bastola, Beretta.

Pasipoti ya uongo mtupu! Alizaliwa hatua mia mbili kutoka hapo, nyuma ya ngome, kwenye uchochoro ambao hata hakuuangalia alipoupita. Miaka kumi na tisa alikuwa hajatia mguu. Leo amerudi kwao, na wavuvi wanamuuliza kwa Kifaransa cha kuungaunga kama angependa kuzungushwa na boti. Kazi ile ya ujasusi ina dharau zake.

"Mzigo?" Lasad aliuliza.

"Boti ya buluu, Najma. Mwisho wa gati, nyuma ya ghala la barafu. Makasha sita. Mawili hayana samaki."

Hayo mawili yalikuwa na makombora ya kutungulia ndege, yale yanayorushwa kutoka begani. Mnunuzi alishapanda botini: Mzungu mrefu aliyejiita Brandt, kavaa viatu vyeupe kama anakwenda harusini. Najma ingeng'oa nanga saa kumi alasiri. Kikosi kingevamia saa tisa na nusu.

Yote hayo waliyajua kwa sababu ya mtu mmoja tu. Fathi, fundi wa injini wa Najma.

Fathi na Wasila walikulia nyumba za ukuta mmoja. Wiki sita nyuma Wasila alimpigia simu, akamwomba habari. Fathi hakutaka zawadi wala sifa.

"Niapie, Wasila. Mimi naishi hapa, mama yangu anaishi hapa. Wakijua ni mimi, nimekwisha."

"Hakuna atakayejua. Naapa."

Aliapa upesi, kama wanavyoapa watu wa kazi ile.

Saa tisa na dakika kumi alikata kona mbele ya mkahawa. Hapo ndipo aliposhinda Mongi, macho ya genge la magendo. Mnene, mcheshi, shisha haimtoki mdomoni, anacheza dhumna huku jicho moja liko gatini. Wasila akampita na tabasamu la kitalii, lile la kumchekea kila mtu bila kumwona mtu.

Chini, njiani, kulikuwa na kipande cha mkate. Kimeshakanyagwa nusu.

Akakiokota. Akakibusu. Akakigusisha kwenye paji la uso, kisha akakiweka juu ya ukuta, mahali ambapo mguu wa mtu haufiki.

Hakufikiri. Mkono ulikwenda wenyewe, kama bibi yake alivyoufundisha kabla hajajua kusoma, kama wafundishwavyo watoto wote wa pale. Alikuwa keshapiga hatua tatu ndipo alipozinduka.

Yarabi! Nimefanya nini?

Nyuma yake, mlio wa dhumna ulikoma.

"Madamu!" Mongi aliita kwa Kiarabu cha mtaani. "Hebu tuambie, huko kwenu Ulaya nako wanabusu mkate?"

Wenzake wakaangua kicheko. Mongi mwenyewe hakucheka. Alisukuma kiti, akaanza kwenda mbio kuelekea ghala la barafu, tumbo likimtangulia.

"Kituo, nimejulikana. Vamieni sasa."

"Haiwezekani. Daraja limeinuliwa."

"Unasemaje?"

"Meli ya shehena inapita. Magari yetu yote yako ng'ambo. Dakika kumi na mbili."

Ama kweli! Daraja la Bizerte likishainuka, awe waziri awe mwizi, wote husubiri.

"Fathi yuko ndani ya boti, mkuu."

"Zuia boti, Mgeni. Mengine baadaye."

Wasila akajibanza nyuma ya rundo la nyavu. Akaielekeza Nikon kwenye Najma, akabonyeza kitufe cha ubavuni. Lenzi ile ilinasa sauti kutoka mbali kuliko ilivyonasa picha. Maneno yakamfikia sikioni, na pumzi za Mongi pia.

"Gatini kuna askari, kajivisha utalii. Washeni injini, tunaondoka!"

"Injini imegoma," Fathi alijibu. "Nipe dakika mbili."

"Imegoma leo?"

"Vyuma hivi, bwana. Havina adabu."

Kisha Mongi akazungumza taratibu, kwa upole wa kutisha.

"Saa ya kuondoka tuliijua watatu. Mimi sijasema. Huyu Mzungu hajasema. Fathi, mwanangu, mbona jasho?"

"Joto la injini."

"Injini haijawaka."

Wasila alishaanza kukimbia. Kofia ilimruka. Hatua thelathini. Ishirini. Beretta mkononi.

Mlio mmoja wa bastola ukapasua bandari.

Mkahawani watu walilala chini ya meza. Wasila akaruka sitahani, akateleza kwenye magamba ya samaki, akapiga goti moja. Mongi aligeuka, bastola ingali inafuka moshi. Risasi mbili kutoka kwa Wasila. Mongi akaangukia makasha. Brandt alichomoka kutoka chumba cha usukani na bunduki ya Uzi mikononi, akamwaga risasi ovyo, mbao zikaruka vibanzi.

Wasila alimlenga kifuani.

Mara moja ilitosha.

Fathi alikuwa amelala ubavuni kando ya injini, tumbo limelowa damu. Mkononi alishika bomba la mafuta, amelikata kwa kisu chake mwenyewe. Angeweza kuruka majini akaogelea. Badala yake alilikata bomba.

"Fathi. Nimekuja. Tulia, gari linakuja."

"Ulisema hakuna atakayejua," Fathi alinong'ona. Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

"Kosa ni langu. Langu peke yangu."

"Mwambie mama sikuwa mwenzao. Hilo tu."

"Nitamwambia."

Alikufa kabla daraja halijashuka.

Kikosi kilifika na ving'ora, saa tisa na dakika ishirini na sita. Makombora mawili, mazima, yakatolewa kwenye barafu. Askari mmoja akamfunika Wasila blanketi, akamwokotea kofia.

"Kazi safi, Mgeni," Lasad alisema sikioni. "Hatukupoteza mtu."

"Tumempoteza Fathi."

"Fathi hayumo kwenye majina yetu. Wenzao wako nje bado, hawatakiwi kujua tulikuwa na mtu ndani. Wafanya magendo watatu wameuawa, mtalii mmoja kanusurika. Ndiyo taarifa."

"Nina neno la kumpa mama yake."

"Huna neno na mtu. Toka kama ulivyoingia."

Wasila alitaka kulichomoa lile dude alitupe baharini. Hakulichomoa. Ndivyo walivyo, watu wa kazi ile.

Watu walishajaa gatini, na midomo haikulala. Kumbe Fathi naye! Mpole vile, kumbe muuza silaha! Katikati yao Bi Zohra, mama yake Fathi, alijipenyeza, shela limemtoka kichwani, kiatu mguu mmoja. Askari walimzuia asimfikie mwanawe. Akageuka, akamwona mwanamke mwenye blanketi, akamshika mkono kwa nguvu.

"Binti, wewe ulikuwa karibu. Uliona. Niambie kwa haki ya Mungu, mwanangu alikuwa pamoja nao?"

Bi Zohra akamkazia macho. Mikono iliyomshika ni ileile iliyowahi kumlisha Wasila uji alipougua surua. Wasila aliomba atambuliwe. Papo hapo aliomba asitambuliwe.

"Mgeni," Lasad alisema. "Tembea."

Wasila akafungua kinywa, akamjibu kwa Kitaliano, kwa sauti ya mwalimu wa piano, kwamba anasikitika sana, haelewi.

Bi Zohra akamwachia mkono. Akaupapasa kidogo, kama anayeomba radhi.

"Mwacheni apite," akawaambia watu. "Huyu mgeni wa watu, hajui lolote."

Wakampisha. Wasila akaivaa kofia, akaiweka sawa, akapita katikati yao mwendo wa polepole mpaka barabarani. Hakugeuka nyuma.