Hatua Tatu Kutoka Kizingitini

Picha ilikuwa ya muuza mifagio akipita na mzigo begani, na muuza mifagio alitoka ukungu mtupu. Nyuma yake kulikuwa na mlango wa duka lililofungwa. Huo ulitoka wazi kabisa, kila msumari ukihesabika, na kizingitini pake hapakuwa na mtu.

Kwa mwingine hilo ni kosa la kawaida. Kwa aliyeipiga lilikuwa tusi. Miaka ishirini alipiga picha za mitaani kwa majarida ya wasafiri, na wenzake walimwita Hatua Tatu kwa namna yake ya kazi. Lenzi yake ilikuwa ya zamani, ya kuzungushwa kwa mkono, yenye pete iliyoandikwa namba za umbali. Pete aliiweka kwenye hatua tatu, akalibana tundu la lenzi ili walio mbele kidogo na nyuma kidogo nao watoke wazi, kisha akaining'iniza kamera kifuani. Hakuiinua jichoni. Alitafuta mahali patupu penye mwanga mzuri, akasimama hatua tatu kutoka hapo, akangoja. Mtu akiingia pale, kidole kinabonyeza. Wauza magazeti walimtania kwamba anatega binadamu kama panya, naye alikuwa akicheka.

Siku hizi hakucheka. Binti yake wa pekee, wa miaka sita, alichukuliwa na homa ya siku tatu. Nyumbani walimwita Cheche. Baada ya mazishi, Hatua Tatu alifanya jambo ambalo ni mpiga picha tu angelifanya. Kila alasiri, akishaswali, aliweka kigoda uani, hatua tatu kutoka kwenye kizingiti ambapo Cheche alizoea kuchomoka akitoka ndani. Akapalenga mahali pale patupu. Akabonyeza. Hakutoka mtu. Akabonyeza tena. Hakumwambia mkewe, na hata katika dua zake hakulitaja.

Alasiri ile ya muuza mifagio alirudi nyumbani amenuna, akakaa kigodani kama kawaida. Kwenye kioo cha nyuma ya kamera, juu ya kizingiti, palikuwa na mguu mmoja mdogo, mtupu, wazi hadi kucha. Alipoinua macho, mlango ulikuwa mtupu.

Kesho yake ikaonekana miguu miwili na upindo wa gauni la njano. Keshokutwa, mikono. Uani pakaanza kunuka udongo uliofukuliwa sasa hivi, ilhali mvua haikunyesha na jirani hakuchimba kitu. Na kamera ikiwa mezani, haijaguswa, pete ya lenzi ilisikika ikijizungusha yenyewe: krr. Ikatulia. Krr. Alipoitazama haikuwa tena kwenye tatu. Ilikuwa kwenye mbili na nusu.

Picha iliyofuata, kizingiti kilitoka ukungu. Cheche alikuwa amekiacha nyuma. Alisimama mbele yake nusu hatua, na uso wake ulikuwa wazi kuliko uso wowote ambao Hatua Tatu aliwahi kuupiga maishani.

Mkewe aliiona picha hiyo kabla hajaificha. Hakupiga kelele. Alilitoa lile gauni la njano sandukuni, akalinyoosha kitandani kwa kiganja, akasema taratibu, "Anakuja, Baba Cheche. Mwache aje."

Hapo ndipo hasira ilipompanda Hatua Tatu. Alijua wafu hawarudi. Dini yake ilimfundisha hivyo, na yeye mwenyewe ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea. Basi kuna kitu huko kilichokwenda kuuokota uso wa mwanawe na kuuvaa kama kofia.

Akamwendea ustadhi wa mtaani, mzee wa kikohozi asiyejua kubembeleza. Alipomaliza kumweleza, mzee akamkazia macho. Akamwambia kwamba amemwandalia kiti mgeni asiyemjua, akamngoja kila siku kwa moyo ulio wazi, na asiye na haya amekuja kukaa.

"Kusoma nitasoma," ustadhi akasema. "Lakini kinakaribishwa humo ndani. Mkeo akikiambia karibu, kisomo changu ni kelele tu. Na kikisogea karibu mno hata lenzi yako isikione tena, ujue kimeshamwingia."

Namba ya mwisho kwenye pete ilikuwa nusu hatua.

Walirudi pamoja wakamkuta mke amekaa kwenye kigoda kile kile, kamera mapajani, macho kwenye kioo chake, na pete ilikuwa imefika kwenye moja. Ustadhi akaanza kusoma, na kadiri alivyosoma ndivyo ile harufu ya udongo ilivyozidi mpaka ikawa kama mtu anakutia konzi ya udongo mdomoni, na kuku wa jirani wakanyamaza, na upepo ukanyamaza, ikabaki sauti ya mzee na ile pete, krr, ikikwaruza taratibu kuelekea kwenye nusu, na yule mama akaunyoosha mkono mmoja mbele yake, kiganja juu, kama anayengoja kushikwa.

"Nimshike mara moja tu," akanong'ona. "Mara moja, kisha mtanifanya mtakavyo."

Hatua Tatu hakumnyang'anya kamera. Aliingia ndani akatoka na boksi la viatu, akalimwaga miguuni pa mkewe. Zilikuwa picha za Cheche, zote alizowahi kupigwa. Michirizi ya rangi. Kichwa kisicho na macho. Mguu ukitoka pembeni.

"Mama Cheche, hii ndiyo kazi yangu," akasema kwa hasira. "Hizi zinapita mia. Nionyeshe moja tu ambayo katulia."

Mke akazipekua moja moja.

"Hata ile ya shule," akasema polepole, "walimrudisha kitini mara nne."

"Na huyo hapo kasimama tangu saa ngapi?"

Mke alirudisha macho kwenye kioo, na safari hii akatazama vizuri. Mtoto alikuwa wima, mikono ubavuni, kope zikionekana moja moja, na kope hizo hazikupepesa hata mara moja. Mkono wa mama ukajikunja ukawa ngumi.

"Vua uso wa mwanangu," akasema. Hakupaza sauti. "Wewe si wetu. Vua, kisha uondoke kwangu."

Akaishika pete kwa vidole vitano akairudisha kwa nguvu: moja, mbili, tatu, tano, kumi, hadi ikagota kwenye alama ya mbali kabisa. Lenzi ikalia kama mnyama aliyekanyagwa, kioo chake kikapasuka. Harufu ikakatika. Kuku wakaanza tena. Hapo ndipo mama yule alipomlilia binti yake, kilio alichokuwa hajakilia tangu msibani.

Picha zote zilizotoka wazi walizifuta. Kutoka kwenye boksi walichagua moja, wakaitundika sebuleni: mchirizi wa njano ukitoka mlangoni, hauna uso wala mikono. Huyo ndiye Cheche, mke alisema, na kila asubuhi aliipangusa vumbi.

Miezi miwili ikapita kwa salama. Kisha siku moja, akitoka kutawadha, Hatua Tatu aliona kwamba ule mchirizi una mkono. Akahesabu vidole, vikatimia vitano. Adhuhuri ukawa na kidevu. Alasiri, mkewe akiwa sokoni, kope zilianza kuhesabika.

Hakuita mtu. Aliishusha picha kabla mkewe hajarudi, akaisogeza usoni pake, karibu kuliko lenzi yoyote inavyoweza kuona, pua kwa pua, akaanza kusoma kisomo cha ustadhi kwa sauti ya mtu anayegombana.