Hodi ya Kigong'ota

Alcide alikiangusha kiota cha nyigu Jumatatu asubuhi, akakichoma kwenye pipa nyuma ya nyumba. Jumanne kilikuwa palepale chini ya upenu, kikubwa kama bakuli la wali, na nyigu wake hawakutoa mlio wowote.

"Ulikichoma kweli?" mkewe, Odile, alimuuliza.

"Nilikichoma, mke wangu. Au nikuletee majivu?"

Odile hakucheka. Walikuwa na miezi miwili tu katika nyumba ile ya mbao, nje kidogo ya mji wa Opelousas, na kila siku saa tisa alasiri ndege aitwaye kigong'ota alikuja kugonga ukuta wa jikoni. Ngo, ngo, ngo. Kisha kimya, kama mtu anayesubiri kufunguliwa. Alcide, kwa mizaha yake, alikuwa akiinua kijiko na kupaza sauti: "Karibu! Pita ndani!"

Walipuliza dawa. Wakatundika vipande vya bati kumtisha ndege. Kiota kilirudi, na hodi hazikukoma. Siku Odile alipotoka mbio kumfukuza ndege huyo, alisikia ukuta ukigongwa mbele ya macho yake, na ndege hayupo.

Akaanza kushuku watu. Wa kwanza alikuwa Bi Eulalie, mjane wa jirani, aliyezoea kusimama kwenye ua na kuuliza, "Nyigu hawajaondoka tu?" Halafu akamshuku mumewe, maana nyigu walimuuma Odile mara nne lakini wakatembea juu ya mkono wa Alcide bila yeye kushtuka, na mchuzi wa bamia aliokuwa akikomba hadi sufuria hakuugusa tena, akawa anachovya kidole kwenye asali ya miwa na kukilamba polepole huku akimtazama, na kila alipompita, Odile aliachwa na harufu ya ubao uliooza, harufu ambayo haikutoka hata shuka zilipofuliwa.

Akaenda kwa Bi Eulalie, ambaye alitibu watu kwa sala, akamweleza yote.

"Nilidhani ni wewe," Odile alikiri.

"Najua. Umenitazama kama mwizi wiki nzima." Bibi akashusha sauti. "Niambie. Kinapogonga, nani hukiitikia?"

"Mume wangu. Lakini ni utani tu, bibi!"

"Jini halijui utani. Limekaribishwa, limeingia. Aliyelikaribisha ndiye wa kulitoa."

Alasiri ileile bibi alikuja na maji ya baraka na uzi wenye mafundo tisa. Alcide alikuwa ameketi mezani, mikono imelala juu ya meza. Bibi alisali akifungua fundo moja moja. Saa tisa ikafika, ikapita. Ukuta haukugongwa.

"Alcide, mwanangu," bibi alinong'ona, "sema 'toka'. Neno moja tu."

"Sema, mpenzi," Odile akasihi. "Nakuomba."

Alcide alimtazama mkewe bila kupepesa macho, akatabasamu.

"Niende wapi, Odile? Nimeshafika."

Uzi ulimponyoka bibi. Akamshika Odile mkono. "Usikimbie," alisema kwa sauti ya chini. "Na usimpe mgongo."

Wakarudi kinyumenyume, wakavuka kizingiti, wakashuka ngazi za baraza. Alcide aliinuka, akawafuata hadi mlangoni, akainamisha kichwa kwa adabu, akaufunga mlango taratibu, kama mwenye nyumba anayewaaga wageni.