Gia za Barabara ya Mwingine

Kila asubuhi nyumba ile iliamka kwa kelele mbili: cherehani ya mama ikilia chumbani, na kisigino cha binti yake kikigonga sakafu chini ya meza ya chai. Mama alikuwa fundi wa nguo, na yeye ndiye aliyempa mtoto wake jina la utani la Cherehani.

"Miguu yako haitulii," alizoea kumwambia. "Kama hushoni, acha kukanyaga."

Cherehani alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu. Alikwenda shule kwa baiskeli ya milimani, na mara nyingi nyuma yake kulikuwa na furushi la nguo za wateja wa mama. Shule ilikuwa juu ya kilima. Njia ilikuwa ya changarawe, yenye mifereji iliyochimbwa na mvua, na kipande cha mwisho kilisimama kama ukuta. Bahati nzuri baiskeli yake ilikuwa na maduara matatu ya meno pale mbele penye pedali. Alipoiweka cheni kwenye lile dogo kabisa, pedali zilikuwa nyepesi. Alipanda polepole, akihema, lakini alifika.

Polepole! Neno hilo ndilo lililomkera. Binamu yake, ambaye wenzake walimwita Risasi, aliishi bondeni kwenye lami. Baiskeli ya Risasi ilikuwa na duara moja tu la mbele, kubwa kama sahani, na matairi membamba yasiyo na vifundo. Haikuwa na keria wala madigadi ya kuzuia tope. Jioni vijana wa bondeni walikusanyika karibu na kituo cha mafuta na kushindana hadi darajani. Cherehani alipotokea, walimpokea kwa vicheko.

"Pisheni jamani, punda wa mizigo huyo anakuja!"

"Binamu," Risasi alimwuliza, "kwenye hiyo keria leo umebeba nini? Kabati?"

Cherehani alicheka nao, ila kwa mdomo tu. Usiku ule alijigeuza kitandani mpaka shuka ikamzonga shingoni. Jumamosi asubuhi, hata chai hakuimaliza. Alikwenda moja kwa moja kwa Fundi Mluzi.

Fundi Mluzi alikuwa mgeni katika mtaa huo. Alikuwa amefungua kibanda cha kutengeneza baiskeli nyuma ya soko, karibu na mahali kilima kinapoanzia. Alipiga mluzi tangu kufungua mlango hadi kuufunga, na alinyamaza pale tu alipouliza maswali. Naye hakugusa spana kabla ya kuuliza.

"Haya, bibie. Unaendesha zaidi wapi? Kwenye lami au kwenye udongo?"

"Lami," alijibu Cherehani.

"Kuna vilima?"

"Hakuna. Tambarare tupu."

"Na mizigo je?"

Mguu wa Cherehani ulianza kutikisika. "Sibebi kitu, Fundi. Mimi nashindana mbio."

"Mzazi wako anajua umekuja kubadilisha vifaa?"

"Anajua."

"Basi ulikuwa unatembea na vyuma vya bure," alisema Fundi Mluzi. "Duara kubwa mbele litakupa kasi kwenye tambarare. Pedali zitakuwa nzito kidogo, lakini kila ukizungusha mara moja, unakwenda mbali. Ila usijaribu mlima nalo. Litakufanya ujione bibi kizee."

Walikubaliana kubadilishana. Fundi alichukua maduara matatu, matairi yenye vifundo, keria, madigadi na kengele. Cherehani akapata duara moja kubwa na matairi laini. Baiskeli ilipokuwa tayari, ilionekana kama imekonda kwa ugonjwa, lakini yeye aliiona nzuri mno. Jioni ile aliwapita vijana wawili kabla ya kufika darajani.

"Sasa umekuwa mtu!" Risasi alimpigia kelele.

Furaha ile iliisha alipofika mlangoni kwao. Mama alichungulia dirishani, pini zikiwa mdomoni.

"Keria iko wapi?"

"Iko kwa fundi, mama. Anaikaza."

"Uifuate mapema. Jumatatu utanipelekea sare za kwaya."

Jumapili Cherehani hakukaa mahali. Alifagia uani, akaacha nusu. Alifungua kitabu, akakifunga. Alitamani kurudi kwa fundi, lakini angemwambia nini? Kwamba kilima kimeota ghafla?

Usiku mvua ilinyesha. Jumatatu asubuhi mama alikunja blauzi nyeupe za kwaya, moja juu ya nyingine, akazifunga ndani ya shuka. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kushona.

"Sikiliza, mwanangu. Kwaya inaondoka na lori asubuhi hii kwenda mashindanoni. Mwalimu mkuu ameniambia kazi hii ikifika salama na kwa wakati, sare za mwakani za shule nzima atanipa mimi. Isipofika, kuna fundi mwingine anaisubiri. Keria umeichukua?"

"Nitaipitia njiani, mama."

Hakuipitia. Alilifunga furushi mgongoni na kuondoka haraka mama asije akatoka nje. Alijiambia kuwa akitoka kwa kasi, atakipanda kilima kabla miguu haijajua.

Kwenye barabara ya soko kila kitu kilikwenda vizuri, isipokuwa gurudumu la nyuma. Bila madigadi, lilichota maji ya madimbwi na kuyarusha juu, naye alihisi matone yakimpiga shingoni. Kisha kilima kikaanza. Pedali zikawa nzito kama anasukuma ukuta. Alisimama juu yake kwa uzito wake wote. Tairi laini likateleza, likazunguka palepale, na baiskeli ikalala upande. Yeye akaangukia goti.

Alijaribu kuisukuma. Kila hatua furushi lilimvuta upande mmoja, na tairi lilirudi nyuma kwenye tope. Alipolishusha furushi kulifunga upya, aliona shuka ina madoa ya tope tangu juu hadi chini. Kutoka kule juu, kwaya ilisikika ikifanya mazoezi ya mwisho, na kati ya wimbo mmoja na mwingine lori lilipiga honi.

Kichwani maneno yalikuwa yanajipanga yenyewe: "Mama, cheni ilikatika. Haikuwa kosa langu." Yalikuwa maneno mazuri, na mama angeyaamini. Hapo ndipo Cherehani alipoona aibu. Mama angeyaamini, angerudi kwenye kiti chake, na kazi ya mwaka mzima ingekwenda kwa mtu mwingine, asijue kwa nini.

Aligeuza baiskeli. Kwa mtoto kama yule, kurudi nyuma wakati anachelewa kulikuwa kama kumeza dawa chungu. Lakini alirudi, akaingia kwa Fundi Mluzi akitiririka tope.

"Fundi, nilikudanganya. Mimi nasoma kule juu. Kilima hicho nakipanda kila siku, tena na mizigo. Ile njia niliyokuambia ni ya binamu yangu."

Mluzi ulikatika. Fundi alimtazama, akatazama baiskeli, akatazama furushi.

"Kumbe nimemtengenezea baiskeli mtu nisiyemjua!" alisema. "Na mzazi wako?"

"Hajui lolote. Leo nitamwambia. Tafadhali, Fundi, lori linaondoka."

"Shika gurudumu. Na huo mguu uutulize, utanimwagia misumari."

Fundi alifanya kazi kwa haraka bila kuongea. Alirudisha maduara matatu ya mbele. Tairi lenye vifundo alilirudisha la nyuma tu, kwa kuwa muda haukutosha. Keria, madigadi na kengele ya Cherehani vilikuwa vimekwishachukuliwa na muuza mikate, kwa hiyo alifungua keria na madigadi ya baiskeli yake mwenyewe.

"Hizi ni za kuazima. Kengele sina. Ukikuta mbuzi njiani, lia mwenyewe."

Safari hii Cherehani hakukikimbilia kilima. Aliiweka cheni kwenye duara dogo akiwa bado kwenye tambarare, akakaa kitini, akazungusha. Miguu ilizunguka upesi na baiskeli ilitambaa. Ilitambaa, lakini haikusimama. Tairi la nyuma liliuma tope, na furushi lilikaa kimya juu ya keria.

Alipoingia getini, lori lilikuwa linanguruma na wanakwaya wamekwishapanda. Mwalimu wa kwaya alilipokea furushi na kulifungua. Blauzi moja ya juu ilikuwa na tope mkononi. Kabla hajauliza, Cherehani alisema, "Mwalimu, hilo tope ni langu, si la mama. Nilitoa madigadi ili nionekane mwenye kasi. Na kuchelewa pia ni kwangu."

Mwalimu alikunja uso. Aliupeleka mkono wa blauzi bombani, akausugua, akaukamua. "Huyu ataimba akiwa na mkono mmoja umelowa," alisema. "Mwalimu mkuu nitamweleza yote: mshono ulivyo, tope, na hayo uliyoniambia."

Siku nzima darasani Cherehani hakusikia somo hata moja. Alipofika nyumbani alisimama mlangoni na kusema yote kwa mkupuo mmoja, tangu vicheko vya kituo cha mafuta hadi keria ya kuazima. Mama aliuondoa mguu kwenye pedali, cherehani ikasimama.

"Mwalimu mkuu alipita hapa kabla yako," mama alisema. "Kazi nimepata. Amesema mshono ameupenda, na mtoto aliyeleta hakumsingizia mtu. Sasa kaa chini."

Cherehani alipokaa, mama aliendelea: "Wapo wateja wangu, nikiwapima kiuno, wanavuta tumbo ndani. Mimi nashona kwa kiuno walichonionyesha. Siku ya sherehe gauni linawabana, hawawezi hata kula, halafu wananilaumu. Wewe ulimvutia fundi tumbo, mwanangu. Baiskeli haikuwa na kosa, ilitengenezwa kwa majibu uliyotoa. Mtu akitaka kukusaidia, mweleze maisha yako yalivyo, hata kama wenzako wanayacheka. Kile kilima ni chako. Hakuna ubaya kukipanda polepole."

"Samahani, mama."

"Nimekusamehe. Ila kila Jumamosi utamfagilia Fundi Mluzi kibanda mpaka keria yake irudi na upate yako." Mama alichukua futi ya kupimia, akamvisha shingoni. "Na kesho utanisaidia kupima watoto wa shule nzima. Ukimwona anayevuta tumbo, mwambie apumue."