Rundo la Tatu

Kila Jumamosi, baada ya kufua sare yake ya shule na kufagia uwanja, Chiriku alifuatana na mama yake kazini. Jina hilo alibandikwa na wenzake darasani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Mama yake alikuwa fundi wa bustani. Alipogoa miti ya watu, kisha akayasaga matawi kwa mashine mpaka yakawa vipande vidogo vya kutandaza kwenye maua, ili udongo usikauke.

Mashine hiyo ilikuwa na mdomo mpana wa bati, na ndani yake visu vizito vilivyozungushwa na injini ya petroli. Mama hakuiwasha kabla ya kuvaa miwani ya kinga, viziba masikio na shati la mikono ya kubana. Alisimama ubavuni mwa mdomo ule, si mbele yake, na vijiti vifupi alivisukuma kwa ubao mrefu. Chiriku hakuruhusiwa kabisa kuilisha. Alikuwa na kazi mbili tu: kukagua kila rundo na kutoa mawe, misumari na waya, kisha kusimama karibu na kitufe chekundu cha kuzimia injini.

Jumamosi hiyo walikuwa kwenye uwanja wa zahanati. Mlinzi wa hapo, mzee mwenye utani mwingi, alikuwa amekusanya matawi ya ua wa miti katika marundo matatu. Alimuuliza Chiriku kama mashine ile ingeweza kusaga na maneno yake. Chiriku akamjibu kwamba ingevunjika meno.

Rundo la kwanza alilikagua tawi kwa tawi, akatoa kipande cha tofali. La pili akatoa chupa iliyopasuka. Rundo la tatu lilikuwa la miiba mitupu. Ilimchoma mara mbili, jua likawa limepanda, na jasho likamwingia machoni. Aliinua matawi ya juu, akachungulia, hakuona kitu. Akaacha.

"Umelimaliza na hili?" mama yake aliuliza, akivaa glavu.

"Tayari, Mama."

Mama akaziba masikio, akawasha injini, akaanza kulisha. Kelele ilijaa uwanja mzima. Chiriku alisimama pale alipofundishwa, macho yake yakiwafuata ndege juu ya paa.

Alipogeuka, alimwona mama yake ameinama juu ya mdomo wa mashine. Alidhani anasukuma tawi gumu. Kisha akaona viatu vya mama vikiteleza kwenye changarawe. Waya wa ua wa zamani, uliokuwa umejisokota katikati ya miiba, ulikuwa umenaswa na visu, na kitanzi chake kikamkamata mama kifundo cha mkono. Mashine ilikuwa inamvuta. Mama alipiga kelele, lakini kelele yake haikusikika.

Kwa muda mfupi, ambao baadaye aliuona mrefu kama siku nzima, Chiriku hakuweza kufanya lolote. Kisha akajirusha na kukibonyeza kitufe kwa kiganja chote.

Injini ikazimika, lakini visu havikusimama hapo hapo. Viliendelea kuzunguka, vikipunguza kasi kama feni iliyozimwa, na waya ukazidi kuvuta. Mama alikaza kiwiko kwenye ukingo wa bati, meno yameumana. Mkono ukazama mpaka katikati ya mdomo wa bati. Kisha kila kitu kikatulia.

Chiriku alikimbia ili aushike ule waya.

"Usitie mkono wako humu," mama alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu, ila uso umebadilika rangi. "Toa ufunguo kwanza. Halafu chomoa waya wa plagi ya injini, ule mweusi, isiweze kuwaka."

Damu ilikuwa inadondoka kwenye bati kutoka pale waya ulipomkata. Chiriku alitamani kuruka hatua zote amtoe mama yake. Lakini alichomoa ufunguo, akautia mfukoni, akapapasa waya mweusi. Ulikuwa na grisi, ukamponyoka. Akajaribu tena, ukatoka.

Mlinzi alifika mbio na plaizi, akataka kuuvuta waya kwa nguvu.

"Babu, usiuvute," Chiriku alisema. "Kata hapa nje, karibu na glavu. Ukiuvuta, visu vinaweza kugeuka."

Mzee akakata. Mama akautoa mkono haraka, na papo hapo visu vikajigeuza nusu mzunguko kwa mlio mzito.

Ndani ya zahanati, nesi alisafisha jeraha na kulishona nyuzi sita. Alisema mfupa haukuguswa, lakini mkono upumzike wiki tatu. Chiriku alikaa kwenye benchi la mlangoni, kimya, jambo ambalo halikuwa la kawaida yake.

Mara msimamizi wa zahanati akaja. Alimuuliza mlinzi kwa ukali kwa nini alichanganya waya na matawi, na kama anajua angeweza kumlemaza mtu. Mlinzi akavua kofia. Alisema hakuuona, macho yake si ya jana, na akaomba asifukuzwe.

Chiriku angenyamaza, yangekwisha pale pale. Akasimama.

"Kosa si la Babu," alisema. "Kukagua ilikuwa kazi yangu. Rundo la tatu sikulikagua. Nilimdanganya Mama."

Msimamizi alimtazama, akamtazama mzee, akamwomba radhi na kuondoka. Mlinzi alivaa kofia yake taratibu na kumgusa Chiriku begani.

Ilibaki kumkabili mama. Chiriku aliingia, akapiga magoti kando ya kitanda, akaanza kulia.

Mama alimwacha alie mpaka akatulia.

"Ulizima mashine, ukatoa ufunguo, ukamzuia mzee asivute," alisema. "Kwa hayo nina vidole vitano, na ninakushukuru. Tena nimekusikia kutoka hapa ukisema ukweli mbele ya yule bwana, na hilo limenipa faraja kuliko dawa ya nesi. Lakini nisikilize, mwanangu. Mimi huvaa miwani, glavu, viziba masikio, vyote. Ila kinga yangu ya kwanza ni neno lako. Uliposema tayari, nilipeleka mkono wangu pale kwa kuliamini. Ukichoka, niambie umechoka. Ukiumia, sema. Nitaizima mashine na tutakaa kivulini. Kazi inaweza kungoja hata kesho, lakini mkono ukikatika haurudi."

Chiriku aliufuta uso wake. Akauchukua mkono mzima wa mama yake, akaushika kwa mikono miwili, na hakuuachia mpaka walipofika nyumbani.