Mtumishi Aliyepakwa Masizi

Léontine alisimama katikati ya sinema, ukumbi mzima ukicheka isipokuwa yeye.

Ukumbi wa video wa mtaa wa Nyakasanza hujaa kila alasiri ambayo bunduki zimenyamaza. Siku hiyo kwenye shuka jeupe ilikuwa filamu ya Marekani, ya kale, isiyo na sauti: nyumba kubwa, mume, mke, machozi, na mtumishi mweusi wa kuleta chai. Sauti zote alizitoa Katsuva, msimuliaji wa ukumbi, kwa kipaza sauti. Mke alipewa sauti laini ya kumfanya hata muuza makaa aote mapenzi. Mtumishi alipewa upumbavu, kwa lafudhi ya watu wa milimani, na hapo ndipo watu walipovunjika mbavu.

Léontine alikuwa mchumba wake, na kwao ni huko milimani.

Katsuva alimkimbilia nje, akamwambia ulikuwa mzaha tu.

— Katsuva, unajua namna Étienne alikufa?

Alijua tu kwamba kaka yake Léontine aliuawa kwenye kizuizi cha wenye silaha, njia ya Irumu.

— Walimuuliza anatoka wapi. Alijibu na ile sauti unachekeshaka nayo watu. Neno moja tu. Tangu ile siku, miye naongeaka kama watu ya muji.

Léontine akavua kitenge cha uchumba mabegani, akamrudishia. Ndoa ilikuwa imebakiza wiki mbili.

— Na ile mutumishi, umuangalie shingo.

Watu walipotoka, Katsuva aliirudisha kanda nyuma, akaangalia. Chini kidogo ya sikio, weusi uliishia. Mtumishi alikuwa Mzungu aliyepakwa masizi. Nyumba kubwa vile, na mtu mweusi hakupewa hata kubeba sinia! Wenye filamu walimpaka kwa mkono, naye Katsuva akamwongezea kwa mdomo. Aliona aibu.

Akatuma kikaratasi kupitia kwa Agathe, shangazi yake Léontine: «Kuya siku ya yenga, saa tisa. Sitamusemea tena ile mutumishi. Ukipenda, umusemee weye.»

Jumapili hiyo Léontine alisimama mlangoni, mguu mmoja nje. Mtumishi akaingia na sinia yake, watu wakajiandaa kucheka. Katsuva akanyamaza. Kwenye shuka mdomo ulifunguka, sauti hakuna. Vumbi lilielea polepole ndani ya mwanga, kama jua lenyewe limesinzia. Akiondoka sasa, Katsuva aliwaza, ndiyo basi tena.

Kisha mkono ukakichukua kipaza sauti, na lafudhi ya milimani ikasikika, wazi, isiyojificha.

— Jina yangu Léontine. Miaka yote ninawaletea chai, hakuna mwenye aliuliza. Leo mutajimiminia.

Halafu mama mmoja wa mbele akapiga makofi, na ukumbi wote ukamfuata. Katsuva alikuwa analia mbele za watu. Mtumishi bado alikuwa anasema kwenye shuka, basi Léontine naye akaendelea:

— Na weye, Katsuva, ile kitenge yangu uliiweka wapi?

Kilikuwa mapajani mwake, kimekunjwa. Alikuwa akija nacho kila siku. Akainuka mbele ya shuka, mume na mke wa Marekani wakimpita usoni, akamfunika mabega.