Senene Aliyezima Friza

Novemba ilipofika, senene, wale panzi wa kuliwa, walijaa mtaa wa Hamugembe. Kokuberwa aliwanyonyoa mbawa na miguu juu ya friza, kwa sababu hapo palikuwa na mwanga mzuri. Wachache walimponyoka, lakini hakujali. Ndoo mbili zilikuwa zimeshaganda ndani.

Ndoo hizo zilikuwa za wageni. Jumamosi wazazi wa mchumba wa binti yake, Alistidia, wangekuja kutoka Ijumbi. Kupokea wakwe bila senene, tena msimu wao? Kokuberwa angeona aibu mwaka mzima.

Alhamisi asubuhi friza ilikuwa kimya. Taa za nyumba ziliwaka, ya friza haikuwaka.

Mumewe, Mwesiga, alileta bisibisi na karatasi ya rangi ya fedha ya pakiti ya sigara.

"Fyuzi tu hiyo imekufa," alisema. "Nitaizungushia karatasi hii, itawaka sasa hivi."

Kwa migomba, Mwesiga hana mpinzani. Kwa umeme, tumwombee.

"Itawaka, na nyumba nayo itawaka!" Sauti ilitoka mlangoni. Alikuwa Joanitha, jirani yao, fundi wa redio na televisheni.

"Waitu, Joanitha, senene wangu wataoza!" Kokuberwa alilalama.

"Usifungue mlango wa friza, mama Alistidia. Ikijaa na kufungwa vizuri, hutunza baridi siku nzima. Kwanza chomoa plagi."

Kokuberwa alichomoa. Mwesiga akainama nyuma ya friza.

"Ngoja, baba Alistidia! Bodi, kile kibao chenye fyuzi, huhifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Unaweza kukupiga."

Walisubiri. Kisha Joanitha alipima kwa mita mpaka akaridhika kwamba umeme umeisha. Alistidia alipiga picha kwa simu, ili wajue kila waya ulikaa wapi. Ndipo bodi ikatolewa.

Katikati yake alikuwa amenasa senene mmoja, mkavu, mweusi kama mkaa.

"Kifuniko cha nyuma hakina skrubu mbili," Joanitha alisema. "Huyu aliingia hapo akaunganisha njia mbili za umeme. Fyuzi ilikatika ili kuzuia moto. Ukiweka karatasi, moto utazuiwa na nini?"

Mwesiga alirudisha karatasi mfukoni.

"Sasa, mama Alistidia, mimi naelekeza, wewe unafanya. Mikono inayonyonyoa senene haiwezi kushindwa na bodi."

Kokuberwa aliogopa, lakini alishika mswaki. Alisafisha masizi kwa spiriti, akaacha ikauke kabisa. Njia moja ya shaba ilikuwa imekatika. Walifungua madirisha ili moshi utoke. Akaiunga taratibu kwa kipande cha waya na risasi iliyoyeyushwa kwa chuma cha moto cha Joanitha. Mwesiga alitumwa dukani kuleta fyuzi yenye namba ileile, na skrubu mbili.

Fyuzi mpya ilipowekwa, Joanitha alipima tena. Bodi ilirudishwa, kifuniko kikafungwa. Plagi ikachomekwa.

Friza ikaunguruma.

"Imewaka! Nimeiwasha mimi!" Kokuberwa alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Tangu siku hiyo senene hunyonyolewa uani.

Jumamosi wageni walikula senene wakaomba tena. Mwesiga hakuweza kunyamaza.

"Friza iliyowatunza senene hawa ilikufa," alisema. "Aliyeifufua ni mke wangu huyu."

Mzee Rutaihwa, baba wa mchumba, aliacha kutafuna. "Hata sisi friji yetu imekufa. Nilitaka kesho niifunge fyuzi kwa waya."

"Mkwe, usiiguse!" Kokuberwa alisema. "Chomoa plagi, utusubiri. Mimi na Joanitha tunakuja."