Jina Lililofungua Kadi ya Sangwa

Siku walipoondoa matanga ya Sangwa, simu yake ilikutwa kabatini ikiwa ya moto. Hakuna aliyeichomeka kwenye umeme tangu azikwe, maana hata waya wa chaji ulishachukuliwa na shemeji mmoja wa mtaa wa Kimihurura, wale watu wa kufika msibani na kuondoka na kitu. Lakini simu iliwaka, chaji imejaa, nayo ilitoa harufu ya mtindi uliokaa sana. Mjane wake, Uwase, aliifuta kwa kanga akaiweka kifuani. Mwenye kufiwa hanusi vizuri.

Uwase alikuwa mshonaji, ana cherehani yake mtaa wa Muhima na chumba chake mtaa wa Busanza, kwenye yale maghorofa waliyopewa watu waliohamishwa. Alibaki na mtoto mmoja, Keza, wa miaka sita, na mama mkwe wake, Bibi Nyirarukundo, aliyekuja kuzika akabaki. Sangwa alipokuwa hai hakuwa na starehe nyingine zaidi ya kumrekodi bintiye. Keza anakula, Keza anaimba, Keza anamvuta baba yake masikio. Picha zote alikuwa anaziweka kwenye kadi ya memori ndani ya ile simu, na simu ilikuwa na nywila asiyoijua mtu.

Jioni moja Keza aliuliza, "Mama, papa alikuwa anacheka namna gani?" Uwase akajaribu kumwigiza. Mtoto akatikisa kichwa, akakataa kwa Kinyarwanda. "Oya. Si hivyo." Uwase akajaribu tena, akagundua kuwa hata yeye hakumbuki. Aliumia kuliko alivyoumia makaburini. Akaapa kwamba ile sauti ataipata, iwe kwa fundi au kwa shetani. Watu wangekuwa waangalifu zaidi na viapo vyao kama wangejua nani anasikiliza.

Alianza kwa kuichomoa kadi na kuipachika kwenye simu yake mwenyewe. Simu ikamwambia kadi haisomeki, je, aifomati, yaani aifute yote? Kidole kilikuwa kimeshaanza kushuka kwenye ndiyo, akashtuka. Kesho yake akampelekea Cyprian, Mtanzania wa Bukoba aliyekuwa anatengeneza simu mlango wa pili kutoka kwenye cherehani yake.

Cyprian aliigeuza simu mara kadhaa, akaisogeza mbali na pua. "Dada, marehemu aliifunga hii kadi kwa simu yake. Ufunguo umo ndani ya simu, haumo kwenye kadi. Ukiipeleka kwenye simu nyingine utaona takataka tu. Nami nikiiflashi hii simu, niifute na kuiwekea programu upya ili ifunguke, ufunguo unakufa, na kadi inakufa nayo."

"Sasa tunafanyaje, Fundi?"

"Tafuta nywila. Ni herufi, si namba, kwa hiyo nadhani ni jina. Lakini usibahatishe hovyo. Huko msibani watu wameichezea, zimebaki nafasi chache. Zikiisha, inajifuta yenyewe."

Akaongeza kwa utani kwamba wanaume huweka jina la mke, la mtoto, au la yule ambaye mke hamjui. Uwase hakucheka. Alijaribu lake, likakataliwa. Akajaribu la Keza, likakataliwa. Akarudi Busanza na simu yake, na wazo lililomjia njiani lilimfurahisha sana.

Wazo lenyewe lilikuwa hili. Keza alipozaliwa, watoto wa jirani waliitwa kama desturi ilivyo, wakakalishwa mkekani, wakalishwa maharage na maziwa, kisha kila mmoja akamtajia kichanga jina. Watu wazima wakataja ya kwao, na mwisho baba akachagua moja. Yale mengine huachwa palepale, hakuna anayeyakumbuka. Isipokuwa Bibi Nyirarukundo, ambaye hakuwahi kusahau kitu, hasa cha kumsuta mtu. Uwase akaona: Sangwa alikuwa mtu wa siri ndogondogo, kwa nini asiweke jina mojawapo kati ya yale yaliyoachwa?

Basi mama mkwe akawa anayataja, Uwase anaandika. Jina la kwanza, hapana. La pili, hapana. Simu ilizidi kupata moto kila walipokosea. Mwisho ikatoa onyo: imebaki nafasi moja, na baada ya hapo kila kitu kitafutwa. Bibi Nyirarukundo akaanza kukunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

"Mama, iko jina ingine?" Uwase alimuuliza.

"Iko moja. Hiyo hapana."

Alibembelezwa mpaka akasema, kwa sauti ya chini, huku akitazama mlango. Siku ile mkekani palikuwa na mtoto mmoja wa kike ambaye hakuna aliyejua ni wa nani. Mvua ilikuwa imenyesha, ua mzima tope, watoto wote miguu imechafuka hadi magotini, lakini ya yule ilikuwa mikavu na safi. Alikunywa maziwa ya wenzake wote. Zamu yake ilipofika naye akamtajia Keza jina, watu wakacheka maana lilikuwa jina la ajabu. Sangwa peke yake hakucheka. Akasema ni zuri, akalirudia mara mbili. Walipotaka kujua mtoto ni wa nyumba gani, pale alipokuwa amekaa palikuwa patupu.

"Mwenye kumupa mutoto jina ni muzazi pia," Bibi alisema. "Kama unakubali jina yake, unamukubali na yeye. Wewe acha. Sauti ya mutu amekufa iache ilale."

Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Uwase alikataa kuacha. Alisema mambo ya mikekani ni ya zamani, simu ni simu, na mume alikuwa wake. Bibi naye akaapa jina halitatoka kwake. Halikutoka kwake. Keza alikuwa sakafuni anapanga vifungo vya mashati, na bila kuinua kichwa akalitaja, herufi kwa herufi, kama anasoma mahali.

Jina hilo siliandiki hapa. Wengine mnasoma hadithi kwenye simu hizihizi, na mna watoto.

Bibi alimshika mkwewe mkono. Uwase akauondoa, si kwa ukali, akaandika, na simu ikafunguka.

Kadi ilisomeka yote. Kicheko cha Sangwa kilijaa chumbani, kile chenyewe, kinachoanza kwa kukohoa, na Uwase akalia kwa furaha mpaka akakaa chini. Alitazama video moja, akatazama nyingine, asijali kuwa harufu ya mtindi sasa imejaa nyumba nzima, asijali kuwa mama mkwe anafunga mzigo wake. Alipogeuka kumwita mwanawe aje amwone baba yake, Keza hakuitika. Alimwita tena na tena. Mtoto alikuwa amekaa palepale kati ya vifungo, mgongo umenyooka, anamtazama kwa upole.

"Mama," alisema, "nihurumie kwa kikombe cha maziwa yaliyoganda."

Keza alizungumza Kiswahili kile cha Busanza, cha iko na hakuna, nusu Kinyarwanda. Huyu alikuwa anazungumza kama bibi harusi wa pwani wa miaka mia iliyopita. Bibi Nyirarukundo alisikia, akabeba mzigo wake akaondoka bila kuaga. Mimi simlaumu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda vibaya mchana kweupe, watu wakianika nguo na redio za jirani zikiimba. Mtoto hakula chakula, alikunywa mtindi tu. Alipita kwenye tope la ua na miguu ikabaki safi. Uwase alimpiga busu shingoni akakuta ngozi ina joto la simu iliyoachwa juani. Naye kila akizidiwa na hofu alikuwa akikimbilia video, na video nazo zilikuwa zimebadilika, maana ndani yake Sangwa sasa alikuwa anamwita bintiye kwa lile jina lingine, na binti hageuki. Na siku iliyofuata binti hakuwa tena anacheza na baba yake bali amesimama kando anatazama kamera. Na siku iliyofuata amesogea karibu zaidi, huku baba nyuma yake akiendelea kucheka na hewa. Na mwisho uso wake ulijaa kioo chote, midomo inafunguka na kufumba bila sauti, kisha kiganja kidogo kikainuka kikagonga, na mgongo wa ile simu ukatikisika mkononi mwa Uwase, taratibu, kama mlango unaogongwa na mtu aliyechoka kugonga.

Akaitupa kitandani. Mtoto alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake, anatazama.

Wazazi wa Uwase walikuwa Waislamu wa Biryogo, wajukuu wa wafanyabiashara waliopanda kutoka pwani, na Biryogo ndiko alikoenda. Maalim Kalisa alimpokea barazani kwake baada ya swala ya alasiri. Alikuwa mzee mwenye jina la kuwatoa majini wakaidi, na jina hilo alilipenda kidogo kuliko inavyompasa mcha Mungu. Alisikiliza yote. Akaiweka simu juu ya meza upande mmoja na mtoto upande wa pili, akasema kati ya hawa wawili mmoja ni binti na mmoja ni jini, na yeye atawatenganisha.

Akamwambia mtoto asome Ayatul Kursi. Keza alikuwa mwanafunzi dhaifu wa madrasa, alifu na be zilikuwa zinamshinda. Lakini mtoto aliisoma yote, polepole, kwa sauti iliyomfanya Maalim afumbe macho na machozi yamtoke. Uwase naye alifurahi. Nasema wazi kuwa hapo ndipo alipostahili kuogopa kuliko pote, lakini mama gani atachukia mwanawe akisoma vizuri?

"Jini haliwezi kulitamka neno hili bila kuungua," Maalim alisema. "Huyu ni mzima, ameguswa tu. Adui yuko humu kwenye simu. Jina lilimfungulia, na ili tulikatae jina, lazima tukifunge kilichofunguliwa. Ifute, binti yangu. Simu na kadi, usibakize kitu."

Alikuwa amesahau lile ambalo yeye mwenyewe huwafundisha wanafunzi wake kila mwaka, kwamba wapo majini Waislamu, na wengine wamehifadhi Kurani nzima kabla babu zetu hawajazaliwa.

Uwase aliichukua simu. Kuifuta kulikuwa kumpoteza Sangwa mara ya pili, naye alilijua hilo, akaona ni haki alipe kwa ajili ya mtoto. Aliomba asikie kile kicheko mara moja tu. Video ilipoanza hapakuwa na kicheko. Palikuwa na uso umebanwa kwenye kioo, umevimba kwa kulia, na kwa mara ya kwanza palikuwa na sauti.

"Mama. Mama, ni mimi. Huku iko giza. Fungua, Mama."

Uwase aliisogeza simu karibu na uso wake. Akamtazama Maalim, na Maalim alikuwa tayari amepaza sauti ya kisomo chake, anasema usisikilize, binti yangu, hilo linaiga, ndiyo kazi yake, litakulilia kwa sauti ya mtu unayempenda mpaka ulifungulie. Na ndani ya simu sauti ikaendelea, ikimwomba kwa maneno ya Busanza, ikimtajia kitanda chao na vifungo vya mashati na jina la doli lake, ikisema papa naye yuko hapa, anasema ufanye haraka. Na pembeni yake yule mtoto mwingine, mwenye miguu safi, akaanza kutetemeka, akajificha kwenye kanga yake, akasema kwa sauti ndogo kwamba anaogopa. Alikuwa na uzito. Alikuwa na nywele ambazo Uwase alizisuka kwa mikono yake mwenyewe. Kati ya mtoto wa kushikika na mtoto wa kwenye kioo, wewe ungechagua yupi?

Uwase alibonyeza kufuta. Simu ikamuuliza kama ana hakika. Ndani yake sauti ilikuwa imeacha maneno, imebaki kupiga kelele tu. Akabonyeza ndiyo.

Kelele zikakatika. Kioo kikawa cheusi, kisha kikaonyesha salamu ya simu mpya inayomkaribisha mwenyewe achague lugha. Kadi ilipoulizwa ikajibu kuwa ni tupu. Hata ile harufu ilipotea. Maalim Kalisa alishusha pumzi, akasema Alhamdulillahi, akampapasa mtoto kichwani na kumsifu kwa kisomo chake, akamwomba mama asikose kumleta madrasa, maana kipaji kile kisipotee.

Walitoka kwenye jua la jioni, wameshikana mikono. Barabara ya Biryogo ilikuwa na watu wengi, wanywa chai wamejaa vibarazani. Uwase alijihisi mwepesi na mtupu, kama mtu aliyetoka kuzika. Alimwita mwanawe, kumjaribu tu.

"Keza?"

Mtoto akainua uso. "Umefanya vyema, Mama. Alikuwa analia mno mle ndani, nikawa sipati usingizi. Baba yake amembeba muda wote, akimwambia kwamba utafungua."

Uwase alisimama. Watu wakawapita kulia na kushoto. Alitaka kupiga kelele, akatazama ule mkono ulioshika wake, na vidole vilikuwa vimekaza vizuri, kwa mapenzi kabisa. Maalim alikuwa bado mlangoni kwake, anawapungia.

"Nina njaa," mtoto akasema.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la maziwa. Uwase akamvusha, akamnunulia mtindi.